Kucheza kimya hadharani: jinsi ya kuandaa kundi la hedifoni bila kumsumbua mpita njia

Anayepita anaona watu thelathini wakicheza katika eneo la wazi, wakiinua mikono pamoja na kugeuka pamoja, lakini hasikii muziki wowote. Anachosikia ni kandambili zikipiga sakafu, pumzi za watu, na pengine sauti ya mmoja wao anayeimba kiitikio kwa nguvu bila kujua kwamba dunia nzima inamsikia. Kila mmoja amevaa hedifoni, na wimbo uleule unalia masikioni mwa wote kwa wakati mmoja. Baada ya robo saa wanavua hedifoni na kutawanyika, na eneo linarudi kwa wenyewe.

Mchezo huu ulizaliwa mbali na kwetu. Mwaka 2003 Bill Wasik, mhariri wa jarida la Harper's la Marekani, alianza kuwaalika watu kwa barua pepe wakutane ghafla mahali fulani jijini New York, wafanye jambo moja la ajabu lisilo na madhara, kisha waondoke. Katika duka la Macy's watu zaidi ya mia moja walilizunguka zulia moja kana kwamba wote wanataka kulinunua. Mwaka huohuo, jijini London, watu walianza kukutana katika vituo vya treni na kucheza, kila mmoja akiwa na muziki wake mwenyewe masikioni. Kuanzia mwaka 2004 kundi la Charlie Todd huko New York likaongeza jambo lililobadilisha kila kitu: washiriki walipewa faili moja la sauti, wakaombwa wasilisikilize mapema, na wote wakabonyeza kitufe kwa saa ileile. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya faili moja, kwa sababu haihitaji mtambo wowote zaidi ya simu ambazo watu tayari wanazo.

Kabla ya hatua zenyewe, naomba msomaji alielewe jambo moja ambalo sisi tulilielewa kwa gharama ya vitunguu. Mara yetu ya kwanza tulikuwa watu 22 katika eneo la wazi karibu na soko, jijini Dar es Salaam. Kijana wa mkokoteni alikuja kwa nyuma na magunia, akipaza sauti "Pisha! Pisha!" kama anavyofanya siku zote, maana mkokoteni uliojaa hausimami ghafla, na msukumaji anayategemea masikio ya watu kama dereva anavyoitegemea honi. Binti aliyekuwa mwisho wa mstari hakusikia. Akarudi nyuma hatua mbili kama sauti ilivyomwagiza, na ubao wa mkokoteni ukamgonga nyongani. Hakuumia sana, lakini gunia moja lilipasuka, na tulitumia nusu saa tukiokota vitunguu na kumwomba radhi kijana yule, ambaye alikuwa na haki kabisa ya kukasirika. Anayevaa hedifoni barabarani amejiondolea masikio yake, na mwandaaji ndiye anayewajibika kumtafutia mengine. Karibu kila ninachokieleza hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali

Tafuta eneo ambalo watu hupita polepole au hukaa, wala si eneo ambalo watu hupita mbio. Ufuo wa bahari, bustani ya mji na uwanja wa wazi wenye viti vinafaa. Stendi ya daladala, lango la kivuko, mlango wa hospitali, mbele ya msikiti au kanisa wakati wa ibada, na njia ya mikokoteni havifai hata kama vinaonekana kuvutia kwenye picha. Usikaribie Ikulu, kambi za jeshi wala vituo vya polisi, kwa sababu kundi linalotenda kwa pamoja bila sauti hutiliwa shaka haraka, na katika maeneo hayo hata kupiga picha peke yake huleta matatizo.

Nenda ulitazame eneo mara mbili, katika siku ileile ya wiki na saa ileile utakayocheza. Lipime kwa hatua. Mchezaji mmoja anayerusha mikono anahitaji mraba wa mita mbili kwa mbili, kwa hiyo watu thelathini wanahitaji kama mita kumi kwa kumi na mbili, na pembeni ibaki njia pana ya kutosha mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani kupita bila kugeuza mwili. Kama njia hiyo haipo, punguza watu au hama.

Halafu zungumza na wanaofanya kazi hapo kila siku. Mwanzie mzee wa kahawa. Mpe shikamoo, kaa kwenye benchi lake, nunua kikombe na kashata, kisha mweleze mnachotaka kufanya na mtachukua dakika ngapi. Mzee huyo atakuambia mambo ambayo hakuna ofisi itakayokuambia, kwa mfano kwamba siku ya Ijumaa watu huswali hadi nje ya msikiti na kulijaza eneo lote, au kwamba gari la maji hupita saa kumi na moja kasoro. Wamachinga nao waulizwe, kwa sababu kundi lililosimama mbele ya meza ya mtu kwa robo saa linamfukuzia wateja wa robo saa.

Saa nzuri kwa miji ya pwani ni saa kumi na nusu jioni. Jua limepoa, swala ya alasiri imekwisha na magharibi haijafika. Katika mwezi wa Ramadhani ahirisha kabisa. Pia mkubaliane mapema kwamba jeneza likipita, muziki unasimama na hedifoni zinavuliwa, bila kungoja amri.

Hatua ya pili: kutoa taarifa

Wapo wanaoamini kwamba ghafla maana yake ni kutomwambia mtu yeyote. Mimi sikubaliani nao. Anayepaswa kushangaa ni mpita njia. Polisi akishangaa, mchezo umekwisha kabla ya wimbo wa kwanza. Nchini Tanzania, Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi inamtaka anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa umma atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo husika si chini ya saa 48 kabla. Nchini Kenya, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa impate mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Unaweza kubishana kama watu wanaocheza bila spika ni mkusanyiko wa aina inayokusudiwa na sheria hizo, lakini ni heri kubishana ukiwa na nakala ya barua iliyogongwa muhuri mfukoni.

Barua iwe fupi na iondoe hofu. Andika jina lako na namba ya simu, mahali, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, kisha sentensi kama hii: "Hatutatumia spika, hatutabeba mabango, hatutakusanya fedha, hatutafunga njia, na washiriki wote watatawanyika ifikapo saa 10:50 jioni." Peleka nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa wenye eneo, iwe ni halmashauri au mmiliki binafsi. Eneo la maduka makubwa, hata likiwa wazi kwa kila mtu, lina mwenyewe, na walinzi wake wana haki ya kuwatoa.

Kuhusu muziki wenyewe, kuvaa hedifoni hakuondoi haki za msanii. Omba ruhusa kwa mwenye wimbo, au uliza utaratibu kwa taasisi zinazosimamia hakimiliki, kama COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Wasanii chipukizi hukubali kwa furaha, na wengine huja kucheza.

Hatua ya tatu: kutengeneza faili la sauti

Usiwaambie washiriki wafungue wimbo mtandaoni. Tuliwahi kufanya hivyo. Mtandao ukasuasua kwa baadhi yao, na wengine wakakatizwa na tangazo la sabuni katikati ya wimbo wa pili, wakasimama wima wakitazamana huku wenzao wakiendelea kuruka. Faili liwe moja, liwe kamili, na liwe ndani ya simu ya kila mtu tangu siku iliyotangulia.

Programu ya bure kama Audacity inatosha kwa kazi hii. Pangilia sauti katika mkondo mmoja: dakika mbili za mwanzo za maelekezo na kengele za kupimia, nyimbo tatu zilizounganishwa bila pengo, na nusu dakika ya mwisho ya kutawanyika. Jumla isizidi dakika kumi na tano. Faili la mp3 la kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti moja kwa kila dakika, kwa hiyo lote litakuwa na megabaiti 15 hivi, uzito ambao hata mwenye kifurushi kidogo anaumudu. Likitumwa kwa WhatsApp, litume kama hati, na kila mtu alihifadhi na kulifungulia katika programu ya muziki ya simu yake, asilichezee ndani ya mazungumzo ambako ujumbe mpya unaweza kulivuruga.

Sauti ya maelekezo ndiyo roho ya mchezo, nayo inastahili kurekodiwa zaidi ya mara moja. Anayerekodi azungumze taratibu, kwa Kiswahili cha kawaida, na kila amri iitangulie harakati yake kwa mapigo manane. Ukisema "geuka kulia" katika pigo lenyewe la kugeuka, nusu ya kundi itageuka kwa kuchelewa. Ukisema "tutageuka kulia… sasa", wote watakwenda pamoja. Usimwamuru mtu yeyote arudi nyuma. Tangu siku ya vitunguu, faili zetu husema "geuka kwanza, tazama, kisha tembea".

Linganisha ukubwa wa sauti kati ya maelekezo na nyimbo ili mtu asilazimike kuongeza sauti kwa ajili ya maneno, kisha apigwe na ngoma. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80, na kila sauti inavyopanda ndivyo muda salama unavyopungua kwa kasi. Robo saa haitamuumiza mtu, lakini anayeshindana na honi za barabarani hupandisha sauti kuliko anavyodhani, na akifika hapo hatamsikia hata anayemgusa bega na kumpigia kelele.

Hatua ya nne: kwenda pamoja

Hapa ndipo makundi mengi huharibikiwa. Kwanza, andika saa kwa namna mbili. Sisi tuliandika "saa 10:30" tukimaanisha jioni, na mshiriki mmoja aliyekulia ughaibuni akafika saa nne na nusu asubuhi, akiwa na tisheti ya njano kama tulivyokubaliana, akakaa peke yake juani hadi alipopiga simu. Tangu hapo tangazo letu husema: saa kumi na nusu jioni, yaani 16:30 kwenye simu yako.

Pili, saa za simu zote ziwekwe kujirekebisha zenyewe kupitia mtandao. Baada ya hapo simu iwekwe katika hali ya ndegeni, kwa sababu simu ikiingia muziki hukatika, na wito wa shangazi anayeuliza kama umekula utakutoa mstarini kabisa. Wanaotumia Bluetooth wataiwasha tena ndani ya hali hiyo.

Tatu, msitegemee saa pekee. Simu mbili zenye saa sahihi bado zitatofautiana, kwa sababu vidole havifanani na simu nyingine huwaza kidogo kabla ya kutoa sauti. Dawa tuliyoipata ni kengele. Ndani ya faili, katika sekunde ya 30, ya 60 na ya 90, weka mlio mmoja wa kengele, na kila anayeusikia ainue mkono mara moja na kuushusha. Kiongozi anasimama mbele bila hedifoni na anaona papo hapo nani amewahi na nani amechelewa. Aliyewahi ajirekebishe hivi: kengele yake inayofuata ikilia, asimamishe sauti palepale, atazame wenzake, na mikono yao inapopanda abonyeze tena. Aliyechelewa asogeze sauti mbele kidogo mpaka awe amewapita, kisha afanye hivyohivyo. Inaonekana kama mchezo wa watoto, na wapita njia hudhani dansi limekwisha kuanza, lakini kufikia kengele ya tatu kundi zima huwa limenyooka.

Mabaki ya tofauti hutoka kwa hedifoni za Bluetooth, ambazo mara nyingi huchelewesha sauti kwa sehemu moja hadi tatu za kumi za sekunde. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja hudumu nusu sekunde, na ucheleweshaji huo hauonekani ila pale mnapopiga makofi pamoja. Singeli ni habari nyingine. Singeli hukimbia mapigo 200 na kuendelea kwa dakika, kila pigo likiwa chini ya theluthi moja ya sekunde, na mtu aliyechelewa kidogo tu anakuwa amekosa pigo zima. Kama kundi lina mchanganyiko wa waya na Bluetooth, weka singeli mwishoni na umwachie kila mtu ajirushe apendavyo. Harakati za pamoja ziwekwe kwenye nyimbo za polepole, ambazo pia hazimwaibishi mgeni.

Wenye fedha wanaweza kukodi hedifoni za disko la kimya, zinazopokea sauti kutoka kwa kirushi kimoja cha redio na ambazo tatizo hili hazina. Hakikisha mkodishaji anatumia masafa yanayoruhusiwa nchini, ziwe zimechajiwa, na andika nani amechukua ipi. Kurusha muziki kwa FM bila leseni kunaweza kuwa kosa, hata kama kirushi ni kidogo kama kiberiti.

Hatua ya tano: watu

Kundi la kwanza liwe la watu kati ya 15 na 30, wanaofahamiana au wanaofahamiana na anayefahamika. Usitangaze kwa umma wote mtandaoni. Mwezi Februari mwaka 2009 mwaliko wa kucheza kimya katika kituo cha Liverpool Street jijini London ulisambaa kupitia Facebook, wakaja maelfu, na polisi wakalazimika kukifunga kituo kwa muda huku abiria wa jioni wakikwama nje. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila mwaliko ule haukuwa na mlango.

Kwa kila wachezaji kumi, teua mtu mmoja asiyevaa hedifoni. Sisi tunawaita "masikio". Husimama pembezoni wakitazama nje, si kutazama dansi, nayo ni kazi ngumu kuliko inavyosikika kwa sababu dansi linachekesha. Mkokoteni, bodaboda au mtoto anayekimbia akija, sikio huinua kitambaa chekundu juu na kwenda kumgusa bega aliye karibu. Anayekiona hushusha mikono na kusimama, na anayemwona mwenzake amesimama naye husimama. Fanyeni zoezi la kitambaa kabla ya zoezi la dansi. Masikio ndio pia wanaojibu maswali, kwa hiyo wachague watu wenye subira na adabu, na mmoja wao awe na nakala ya barua. Wawe na maji, na wajue zahanati ya karibu iko wapi.

Mavazi yawe yale ambayo mtu angeyavaa sokoni siku hiyo, yakiwa na alama moja ya kufanana, iwe ni kanga kiunoni au tisheti ya rangi moja. Katika Mji Mkongwe, Unguja, na mahali pengine penye desturi kama hizo, mabega na magoti yafunikwe, na harakati zenyewe zisiwe za kumfanya mzee ageuze uso.

Siku yenyewe

Fikeni wawiliwawili kwa njia tofauti, mkae kama watu wanaopunga upepo. Dakika kumi kabla, masikio wachukue nafasi zao na kiongozi ampe mzee wa kahawa ishara kwamba mmefika. Bonyezeni, inueni mikono kwa kengele tatu, kisha chezeni. Mpita njia akitaka kujiunga, mshiriki mmoja anaweza kumpa upande mmoja wa iafoni yake. Watoto nao huingia bila muziki wowote na mara nyingi hucheza vizuri kuliko sisi. Anayekasirika asijibiwe na mchezaji, aachiwe sikio. Polisi akisema simameni, simameni, vueni hedifoni ili aone mnamsikiliza, na barua itolewe.

Kwa video, mtu mmoja anatosha, asimame mbali, asiwakaribie wapita njia nyuso wala asiwapige picha watoto wasio wetu. Usibandike nyimbo juu ya video nzima. Iache dakika ya kwanza na sauti halisi ya eneo, ili mtazamaji asikie kandambili, honi za mbali na yule anayeimba peke yake. Muziki ukiingia baadaye ndipo anapoelewa kilichokuwa kikiendelea. Zaidi ya hayo, mitandao ya kijamii huweza kuinyamazisha video yenye wimbo usio na ruhusa, na mtabaki na dansi la kimya kuliko mlivyokusudia.

Sauti ya mwisho ndani ya faili letu husema: "Vua hedifoni. Sikiliza. Tembea." Kila mmoja huondoka kwa njia aliyojia, bila kupiga makofi na bila kukusanyika kupongezana palepale. Masikio hubaki nyuma kuokota chupa za maji, kuhesabu hedifoni za kukodi kama zilikuwapo, na kurudisha mabenchi yaliyosogezwa. Mwandaaji huenda kwa mzee wa kahawa, hununua kikombe cha pili, na kumuuliza kama kuna aliyelalamika.